Jinsi Tanuri Alivyoivusha Korongoni Chachu ya Mama Mkwe

Sogeeni, enyi mlioshiba na enyi ambao bado mnasikilizia sufuria jikoni! Mwenye kikombe akiweke chini kisije kikamwagika, mwenye mtoto amfute kamasi amkalishe, na mwenye simu aigeuze ilalie uso, maana habari inayokuja haisikilizwi kwa sikio moja. Wengine watawasimulia wafalme na farasi wao. Hapa hakuna farasi. Hapa kuna mwanaume mmoja mnene, korongo moja lenye baridi ya kung'oa meno, na kopo la plastiki la mdomo mpana. Ewe Ulimi, usiteleze. Ewe Kumbukumbu, usisinzie. Haya, tuingie.

Palikuwa na mwoka mikate aliyeitwa Tanuri. Jina lake la kuzaliwa lilishasahauliwa hata na waliompa. Huyo ndiye Tanuri Mkanda-Unga, Simba wa Masinia, Mwenye Kope Nyeupe, ambaye majogoo walimsubiri aamke ndipo nao wapate ujasiri wa kuwika. Ngome yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kinyozi, chenye ukuta mweusi kwa moshi, meza ya mbao iliyobonyea katikati kwa kukandiwa, na dirisha dogo ambalo wateja walipitisha mkono kabla ya salamu. Humo ndani joto lilikuwa kali kiasi kwamba nzi waliingia wakiruka wakatoka wakitembea. Baridi Tanuri aliisikia kwa watu tu, kama mtu anavyosikia habari za mji asioufahamu.

Na juu ya rafu, karibu na tanuri lakini si karibu mno, lilikaa lile kopo. Ndani ya kopo, chachu.

Msije mkadhani ni hamira ya pakiti, ile ya kunyunyiza na kusahau! Hii ilikuwa unga na maji vilivyochachuka vyenyewe tangu enzi, vikalishwa kila jioni kama mtoto, vikatoa viputo usiku kucha, na kuupa mkate ule uchachu mtamu uliowafanya watu wapite maduka mengine kana kwamba hawayaoni. Ilikuwa ya mama mkwe wake, naye aliipata kwa mama mkwe wake. Siku vidole vilipoanza kumkatalia kukanda, mama huyo alilibeba kopo kwa mikono miwili, akalikabidhi lote bila kubakiza hata kijiko, akasema:

"Mwanangu, binti yangu nilishakupa, na leo nakupa chachu yangu. Binti ukimkosea, miguu anayo, atarudi nyumbani. Chachu ukiikosea itakufa hapohapo ilipo. Sasa kaa ufikirie, kipi cha kuogopa zaidi."

Tanuri alikaa akafikiria. Tangu siku hiyo hakuwahi kulala nje ya nyumba.

Hapo ndipo lilipoanza tatizo. Mkewe alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache na sindano nyingi, naye alikuwa amechoka. Jioni moja aling'ata uzi, akautema, akasema:

"Mume wangu, miaka yote hii sijawahi kuamka nikakukuta ubavuni. Nikigeuka nakuta unga kwenye mto. Nimeolewa na alama."

"Ewe nuru ya nyumba yangu," akajibu Tanuri, akasimama na kuinua mwiko, maana bila mwiko mkononi hakuweza kutoa hotuba, "unajua kwamba mji mzima unategemea mikono hii. Nikilala mimi, nani atasimama? Nikipumzika mimi, nani..."

"Mdogo wangu anapeleka watu korongoni Jumamosi. Wanalala huko usiku mmoja. Kuna nafasi mbili. Unakuja, huji?"

Tanuri aliutazama mwiko. Mwiko haukumsaidia.

"Nakuja," akasema.

Huyo mdogo wa mkewe, waliyemwita Kamba, alikuwa kijana mwembamba mwenye kazi ya ajabu: aliwashusha watu wazima, wenye akili zao, ndani ya korongo refu ambalo jua huliogopa, wakaogelea kwenye madimbwi ya baridi, wakateremka maporomoko kwa kamba, halafu wakamshukuru. Masharti yake yalikuwa machache. Usibebe kisichohitajika. Usifiche kitu. Nikisema ruka, ruka, maswali utauliza ukiwa majini.

Sasa, chachu ingebaki na nani? Kinyozi jirani alijitolea, kwa kuwa alikuwa mtu mwema kuliko sabuni yake. Lakini wema wake ulikuwa na historia. Mara ya mwisho alipoachiwa lile kopo kwa mchana mmoja, aliiona chachu imenyamaza akaihurumia, akaipa chai ya maziwa. Harufu iliyotoka hapo ilivunja baraza: watu walitoka kwenye kiti wamenyolewa upande mmoja, na wengine hawakurudi kunyolewa wa pili. Wiki nzima Tanuri aliiuguza chachu kabla haijampa kiputo.

Na kama hiyo haitoshi, simu ikaita. Mama mkwe.

"Jumatatu nakuja kwenu," ilisema sauti. "Sitaki nyama, sitaki wali. Nataka mkate wangu."

Ndipo Tanuri, shujaa wetu, akafanya uamuzi ambao vizazi vitaujadili. Ijumaa jioni, mkewe akiwa anakunja nguo chumbani, alilishusha kopo rafuni. Akaichotea chachu unga, akaichotea tena unga, kwa sababu msafiri hula kwa safari yote na si kwa siku moja. Kisha, kwa kuhofia maji ya korongo, akakikaza kifuniko mpaka plastiki ikalia.

Mwoka mikate yeyote akisikia hayo atashika kichwa. Kwa ninyi wengine, jueni hivi: chachu iliyoshiba hupumua, na kinachopumua hakizibwi mdomo. Tanuri alilijua hilo kuliko jina lake. Lakini mapenzi yana uziwi wake. Alilivingirisha kopo ndani ya soksi, akalizamisha chini ya begi, akalala usingizi wa mwizi.

Basi wakafika ukingoni mwa korongo. Lilikuwa limepasua mlima kama kisu kinavyopasua mkate, na kutoka chini ilipanda pumzi ya baridi iliyompiga Tanuri usoni kama mlango. Alirudi nyuma hatua.

"Hiyo ni nini?" aliuliza.

"Hewa, shemeji," alisema Kamba.

"Mbona imeoza?"

"Haijaoza. Ni baridi. Vaa hii." Akamrushia suti ya mpira mnene, nyeusi, nyembamba kama mguu wa suruali ya mtoto.

Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Wahenga hawakuliona korongo hili. Maji yake hayavuliwi nguo, yanavaliwa! Mke alivuta kulia, Kamba akavuta kushoto, Tanuri akasukuma kuelekea chini, na baada ya mapambano ambayo miti iliyashuhudia ikiinamisha matawi kwa aibu, shujaa aliingia ndani ya suti kama gunia linaloingizwa ndani ya soksi.

"Vuta pumzi ndani, nifunge zipu," alisema Kamba. "Umevuta?"

Tanuri alitikisa kichwa kukubali.

"Basi usiitoe mpaka kesho."

Wakavaa helmeti, wakashuka. Kwanza ni kuteremka ukutani kwa kamba, kinyumenyume, makalio yakitangulia kama balozi. Kisha likaja dimbwi la kwanza, la kijani, limetulia kama paka anayejifanya amelala. Mkewe alishika pua, akaruka, akaibuka akicheka. Kamba akaruka. Tanuri alisimama juu ya jiwe, akainua mkono uliozoea mwiko.

"Enyi maji!" alinguruma. "Mimi ni Tanuri, niliyetazamana na moto ana kwa ana tangu ujana wangu! Nimeshika sinia za moto bila kitambaa! Nimefungua tanuri kwa uso! Mnadhani ninyi..."

"Shemeji, ruka."

"Namalizia."

"Ruka, tutaganda huku!"

Aliruka. Haikusikika sauti yoyote kwa kitambo, kwa kuwa sauti yake ilibaki juu ya jiwe. Ilipomfikia majini ilikuwa nyembamba kama ya kinda, ikasema neno moja ambalo mkewe hakujua kwamba analijua. Baridi ilimshika kila alipo: ikamshika vidole, ikamshika masikio, ikatafuta alipoficha moyo ikabisha hodi. Na chini kabisa ya begi mgongoni, ndani ya soksi, chachu nayo ikapigwa na baridi, ikajikunyata, ikanyamaza.

Walikwenda hivyo kutwa, dimbwi baada ya dimbwi, ukuta baada ya ukuta, mpaka mwanga wa juu ukageuka rangi ya chai, wakafika kwenye kichanga kilichofunikwa na jiwe kubwa. Hapo wakala, wakajiingiza kwenye mabegi ya kulalia. Wawili walilala kabla hawajamaliza kuagana. Wa tatu alisubiri, akatoa soksi, akalisikiliza kopo kwa sikio. Kimya. Akaligusa. Jiwe. Hakuna hata kiputo kimoja. Siku zote chachu ile hutoa viputo kama uji, na sasa ilikuwa imelala kama udongo! Tanuri alilikumbatia, akalihemea, akalifunika kwa shingo yake.

Mapambazuko yalipoingia, mkewe alifumbua macho. Akageuka. Na tazama, kwa mara ya kwanza tangu ndoa yao, hapakuwa na alama ya unga. Alikuwapo mume mzima, mkavu, amempa mgongo, akinong'ona kwa sauti laini kuliko siagi:

"Amka basi, mpenzi. Amka, uzuri wangu. Usiniache peke yangu."

Machozi yalimlengalenga fundi cherehani. "Nimeamka, mume wangu," alisema.

Mume akaruka kama aliyekanyaga kaa. Kopo likaonekana.

Mkewe akaketi wima.

"Umekuja na chachu," alisema mkewe.

"Mke wangu, nitakueleza..."

"Siku yangu ya kwanza kuamka na mume. Moja. Naye ameamka na mwingine."

"Imeganda," alisema Tanuri, na safari hii hakutafuta mwiko wala hakupandisha sauti. "Haipumui. Naogopa imekufa. Hakuna nyingine duniani, unajua. Ikifa hii, ule mkate umekwisha. Nitamwambia nini mama?"

Mkewe alilitazama kopo. Alikua kwa mkate ule. Alikwenda nao shule, alipewa akiwa mgonjwa, ulikuwa mezani siku alipochumbiwa. Hasira ilikuwapo bado, imekaa palepale, lakini ilibidi isogee kidogo ikipishe kitu kingine.

"Iweke tumboni," alisema. "Ndani ya suti. Hapo ndipo pana joto kuliko pote. Na mdogo wangu asijue, atatuacha hapa wote watatu."

"Watatu?"

"Mimi, wewe na mke mwenza."

Basi likapenyezwa kopo ndani ya suti, juu ya lile tumbo tukufu lililookwa mbele ya moto kwa miaka yote, tumbo ambalo hata baridi ya korongo haikulimaliza. Zipu ikafungwa kwa kelele. Kamba alimtazama shemeji yake, akamtazama tena, akadhani ni maharage ya jana.

Njia ya kutokea ilipita mahali Kamba alipopaita Sindano. Kuta mbili za jiwe zilisogeleana hapo kama majirani wanaosengenya, zikaacha upenyo ambao mtu hupita ubavu tu, maji yakimfika kiunoni, huku upande wa pili likimsubiri dimbwi lenye maporomoko. Kamba alipita kama uzi. Tanuri akafuata, tumbo likikwangua jiwe. Mkewe akaja nyuma.

Na hapo, katikati ya Sindano, chachu ikaamka.

Iliamka kama anavyoamka aliyelala njaa, kumbe haikulala njaa, ililala na chakula cha siku mbili! Joto la tumbo likaiambia, inuka. Ikainuka. Ikakuta kifuniko. Ikakisukuma kifuniko. Kifuniko, kilichokazwa kwa mikono inayokanda magunia, kikakataa. Basi plastiki ikaanza kuvimba.

"Mke wangu," alisema Tanuri polepole, "usinisukume."

"Sikusukumi."

"Kuna kinachosukuma."

"Mimi niko mbali nawe, nashika ukuta."

"Basi kiko ndani."

Kamba aligeuka. "Shemeji, mbona umesimama?"

"Nimebanwa."

"Pumua nje, upungue."

Tanuri akapumua nje. Tumbo likaongezeka. Kamba, ambaye alishavusha watu wa kila umbo, alikodoa macho.

"Shemeji," alisema, "Sindano kila mtu hupungua. Wewe mbona unanenepa?"

"Niache!"

"Unanenepa nikiwa nakuangalia! Dada, mumeo amekula nini?"

Muda wa majibu ulikuwa umekwisha. Kukatokea mlipuko mmoja mzito, *bum*, uliopanda korongo ukashuka, ndege wakaondoka bila kuaga. Kifuniko kilikuwa kimesalimu amri. Ndani ya suti, jeshi jeupe likatawanyika pande zote: kikosi kikashuka mapajani, kikosi kikapita makwapani, na kikosi cha mbele, chenye hasira kuliko vyote, kikapanda kifua kikatokea shingoni, kikamfunika Tanuri kidevu na masikio, kikitoa povu.

Kamba akapiga yowe. "Ubongo! Dada, shemeji anatoka ubongo!"

"Si ubongo! Ni chachu ya mama!"

"Chachu ya mama imo ndani ya shemeji?"

"Vuta, acha maswali!"

Kamba akavuta, dada akasukuma. Na kwa kuwa sasa shujaa alikuwa amelainishwa kutoka unyayo hadi kisogo, alichomoka Sindano kama mbegu ya papai inayobanwa kwa vidole, akaruka angani, helmeti iking'aa, akatua katikati ya dimbwi chini ya maporomoko.

Hapo vita vikageuka msiba. Maji yaliingia shingoni yakatokea miguuni, yakasafisha kila yalipopita. Dimbwi lote likawa jeupe kama maziwa. Tanuri alipiga magoti, akakusanya kwa mikono, ikapita katikati ya vidole. Akavua helmeti akachota, akapata maji meupe, kisha maji yenye ukungu, kisha maji. Weupe ulisogea ukavuka ukingo wa dimbwi, ukateremka zake, ukaenda kuwalisha samaki wasiojua walichopewa. Kopo lilimtoka ndani ya suti likielea, jeupe, safi, kana kwamba limeoshwa na bibi harusi wa siku ya kwanza ukweni.

"Ewe uliyenitangulia duniani," aliomboleza Tanuri, maji yakimtiririka kwenye kope, "uliyelishwa na mikono iliyokwisha kupumzika, umevuka njaa na kuhama, umevuka hata chai ya kinyozi! Na aliyekuua ni mimi, kwa kukupenda na kukukaza mdomo."

Hakuna aliyemwambia afupishe. Mkewe alikuwa amekaa juu ya jiwe, helmeti mapajani, akilia bila sauti. Kamba alivikunja vipande vya kamba ambavyo vilikuwa vimeshakunjwa. Naye alikua kwa mkate ule.

Walitoka mdomoni mwa korongo mchana. Nje kulikuwa na jua, na jiwe kubwa bapa lililopata moto. Tanuri alijitupa chali juu yake. Wakamvua suti kwa kuichuna, mikono kwanza, kisha kifua. Hakubaki na punje. Korongo lilimwosha kuliko alivyowahi kuoshwa na mama yake. Mkewe aliivuta suti ikavuka tumbo, akaitupa pembeni, akashika kiuno.

Kisha akaacha kupumua.

"Usijitikise," alisema.

"Nini? Nyoka?"

"Nimesema usijitikise. Kamba, njoo uone."

Kamba akaja. Wote wawili wakainama juu ya tumbo la Tanuri, wakachungulia. Kitovu cha mtu yule kilikuwa kirefu, kilichochimbwa na miaka ya mkate wa moto. Maji yalipita juu yake kama wapita njia wanavyolipita jumba lililofungwa. Na humo chini, kilindini, mbali na mawimbi, kilikuwa kimekaa kidonge cheupe.

"Ipo," alinong'ona Kamba.

"Ipo?" Tanuri akataka kuinuka.

"Lala! Inatikisika!"

Wakaelewa hali ilivyo. Pembeni yote ni mchanga. Kidonge kikiruka kikaangukia mchangani, basi. Kijiko cha chai walikuwa nacho. Mkono wa fundi cherehani, unaotunga uzi gizani, walikuwa nao. Kilichobaki ni tumbo litulie.

Na sasa lazima lisemwe jambo ambalo Simba wa Masinia aliwaficha watu wote isipokuwa mkewe: mtu huyu alikuwa na mtekenyo. Mtekenyo wa ajabu, wa kudhalilisha. Ukimwelekezea kidole tu tumboni, kabla hujamgusa, alianguka chini akilia kama mtoto. Na hata mkewe hakuwahi kuthubutu kufika kitovuni.

"Mume wangu," alisema mkewe, akikifuta kijiko kwenye mkono wa nguo, "ukicheka tu, imekwenda."

"Sitacheka."

"Fikiria jambo la kusikitisha."

"Namfikiria mama yako Jumatatu."

"Vizuri. Endelea naye hapohapo."

Kijiko kikashuka. Enyi wasikilizaji, wako waliosimama mbele ya mikuki! Wako waliotembea juu ya kaa! Lakini nani kati yao alilala chali juani, kitovu wazi, kijiko baridi kikimzunguka ndani taratibu, mkewe akihema, shemeji akiwa amemkalia miguu, asicheke? Kicheko kilianzia unyayoni. Kikapanda gotini, akakibana. Kikafika kiunoni kikapiga kambi, kikatuma wajumbe mbavuni. Uso wake ukawa mwekundu, kisha wa zambarau. Machozi yalimtoka kwa pembe za macho yakaingia masikioni. Kijiko kikagusa chini kabisa, kikakwangua. Kidole gumba cha mguu kikaanza kutetemeka chenyewe, na Kamba, aliyekuwa amekishika, akaona kinavyotetemeka, akaanza yeye kucheka.

"We Kamba!" alikemea dada yake bila kuinua macho.

"Samahani, dada, lakini hiki kidole..."

"Ondoka! Nenda kachekee kule!"

Kamba akakimbilia nyuma ya mwamba, na kutoka huko kilisikika kicheko cha kufunikwa mdomo, ambacho, kama mnavyojua, ndicho kibaya kuliko vyote. Tanuri aling'ata ukanda wa helmeti. Alimwona mama mkwe akilini. Alimwona anaketi, ananawa mikono, anasubiri mkate. Tumbo likasimama. Likawa tambarare, likawa kimya, likawa meza ya mbao!

"Nimeipata," alisema mkewe.

Kwenye ncha ya kijiko kulikuwa na kipande chenye ukubwa wa harage. Alikiweka ndani ya kopo kwa uangalifu wa mtu anayeweka yai. Kisha akamgeukia mumewe, akampiga begani. "Haya, toa."

Tanuri akafungua kinywa, na kicheko alichokizuia kikatoka chote, kikaingia korongoni, kikapiga kuta, kikarudi kikiwa kikubwa zaidi, mpaka kule ndani mawe madogo yakaporomoka. Alicheka mpaka akawa analia, na mkewe akacheka naye, wameshikana juu ya jiwe kama walioibiwa na kurudishiwa.

Walikung'uta juu ya kopo kofia yake ya kazini, iliyobaki kavu ndani ya begi, ukadondoka unga kidogo. Wakatia tone la maji. Kifuniko, kilichokuwa kimebaki ndani ya suti, wakakiegesha tu, kimelegea, na safari yote ya kurudi mke alilibeba kopo mwenyewe, ndani ya blauzi, wala hakuna aliyethubutu kutaka zamu.

Jumatatu ilipofika, kopo lilikuwa rafuni, limelishwa kidogo kidogo, na halijasema kitu. Ilipita asubuhi, ikapita adhuhuri. Jioni walisimama wote kulizunguka, Tanuri, mkewe na Kamba, wamekunja mikono, na kinyozi akichungulia dirishani kwa umbali aliopangiwa. Hapo mlango ukafunguliwa. Mama mkwe aliingia na fimbo yake na kikapu chake, akawatazama mmoja mmoja.

"Mbona mmesimama kama mnaangalia mgonjwa?"

Tanuri akafungua kinywa kukiri yote. Na wakati huohuo, ndani ya kopo, kikapanda kitu kidogo, cha mviringo, kinachong'aa. Kikafika juu. Kikasita.

*Puf.*

Kiputo kimoja.

"Hamjawahi kuona chachu ikichachuka?" alisema mama mkwe. "Nipeni kiti."

Mkate ulitoka asubuhi ya pili. Mama mkwe aliumega, akaunusa, akatafuna kwa muda mrefu kwa gego lake zuri, macho juu darini. Mke wa Tanuri alishika meza. Kamba, aliyekwisha kukataa kipande chake kwa adabu, alitazama viatu.

"Ndio wenyewe," alisema mama hatimaye. "Ndio mkate wangu." Akatafuna tena, akakunja uso kidogo. "Ila chumvi imezidi."

Tanuri Mkanda-Unga alijinyoosha, akaweka mkono juu ya tumbo lake.

"Hiyo ni yangu mwenyewe, mama," alisema.

Mama mkwe akasema ni nzuri, aendelee kuitia, akaomba kipande kingine.

Na iandikwe ukutani kwa masizi ya tanuri, isomwe na kila atakayepitisha mkono dirishani: kwamba palikuwa na mtu aliyelala chali, akakwanguliwa kwa kijiko, asicheke, na mji ukala mkate. Anayeona jambo hilo ni dogo, na avue shati alale hapa, kijiko kipo.